Viatu vya Bi Schofield

Saa nane na nusu, mchana wa Februari, Oldham.
Mvua inakwaruza kioo kama mtu aliyesahau ufunguo.
Mama ametoa vikombe vyenye ukingo wa dhahabu,
vile vya posa na vya msiba,
na sambusa nane, ingawa mgeni ni mmoja.
Nina miaka kumi na mmoja. Leo sikwenda shule.
Leo mimi ndimi mdomo wa nyumba.

Bi Schofield hakuvua viatu.
Labda hakujua. Labda soksi yake ilikuwa na tundu;
siku hizi namwachia hilo tundu.
Lakini Tufayel, ambaye kazi yake duniani
ni kupanga viatu vya wageni mlangoni,
kisigino kwa kisigino, ncha zikitazama nje,
alikaa sakafuni akivikodolea macho viatu vile vyeusi
juu ya zulia
kama daktari akikagua kidonda.

Bi Schofield akafungua faili, akatamka neno.
Neno refu, lililopigwa pasi.
Nikamgeukia Mama, kinywa kikawa kitupu.
Kisylheti chetu kina neno la mwendawazimu,
kina neno la bubu, kina neno la kiumbe wa Mungu
linalosemwa na watu wanaoaga upesi.
Hilo la kwenye faili hatukuwa nalo.
"Anasema Tufayel anajifunza polepole."
"Polepole," Mama akarudia, na uso ukakunjuka,
maana hata nyama huiva polepole.

(Hirizi ya nyanya ilikuwa shingoni mwake, ndani ya bati.
Maji ya kusomewa yalikuwa kwenye chupa ya soda.
Khala Rabeya alisema ni jicho.
Jirani alisema, juu ya ua, ndiyo matokeo ya kuoana binamu,
na Mama na Baba hawakuwa hata wa kijiji kimoja.
Baba hakusema. Baba alikuwa amelala,
usiku ana vitunguu vya watu wengine vya kukaanga.)

"Kuna nyumba ya mapumziko," akasema Bi Schofield,
"wikendi moja kwa mwezi, mama apate kulala.
Lakini ninyi," akatabasamu, "ninyi hutunzana wenyewe."
Akaufunua ukurasa uliofuata.
Nikatafsiri: "Anatusifu."

Hapo ndipo Mama alipouliza,
kwa sauti ile ile ya kuulizia bei ya samaki:
"Mwambie, siku nikifa, nani atamkata kucha?"
Kwa sababu Tufayel aliuogopa mkasi kama moto,
na Mama alimkata akiwa usingizini,
kidole kimoja kwa usiku,
usiku kumi, kisha anaanza tena.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Nikasema: "Mama anasema asante."

Bi Schofield akaandika asante yetu.
Chini ya meza Tufayel alikuwa ameshafungua kamba ya kushoto,
anauvuta ule mguu kwa upole, kwa bidii, kwa heshima zote.
"Hana mawasiliano," Bi Schofield akajisomea akiandika,
akaurudisha mguu wake.

Mama tulimzika Novemba iliyopita.
Swali lake halimo katika faili lolote; nimezipekua zote,
kila faili lina sahihi yangu ya kitoto: *mkalimani*.
Juzi ofisa mpya alipiga simu, kijana, ana haraka ya adabu.
"Familia ina swali?"
Nililisema. Kwanza kwa Kisylheti, bila kukusudia,
kisha kwa lugha yake.
Akanyamaza. Nikasikia kibodi. Akaniomba nirudie.

Mlangoni kandambili za Mama bado zimo katika safu,
kisigino kwa kisigino, ncha zikitazama nje,
na kila jioni Tufayel huzisogeza kidogo, zisiguse ukuta.
Sijui nimwambie kwa neno gani.
Nimetafuta katika lugha zote mbili.

Sasa amelala. Nawasha taa ndogo.
Leo ni zamu ya kidole gumba.